Mbuzi wa Kisiwa cha Mawe

Kila asubuhi Nyanzala na mumewe Malale walikunywa uji, kisha wakapiga kasia kwenda kuwatazama mbuzi wao. Ndiyo, kupiga kasia. Mbuzi walikuwa kisiwani.

Familia hii ya Wasukuma ilitoka Usevya, ikahamia kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na Ikola. Kule Usevya mbuzi wao waliingia mara mbili kwenye mpunga wa watu, na ugomvi ukawa hauishi. Malale alipokiona kile kisiwa kidogo kisicho na mtu, alifurahi kama mtoto.

“Hili ni boma tayari,” alisema. “Fisi hafiki. Mwizi hafiki. Shamba la mtu halipo.”

Kisiwa chenyewe kilikuwa mawe matupu, makubwa kwa madogo, yaliyopandana kutoka majini. Nyasi ziliota kwenye nyufa tu. Mnandi, wale ndege weusi wanaopiga mbizi, walitaga juu, na kenge waliota jua chini. Ndani ya miezi miwili tu, mbuzi walikwangua nyasi karibu zote na kukanyaga mayai.

Siku moja Malale alikuwa akipanga mawe ili ajenge kizizi. Aliinua jiwe moja ukingoni mwa maji. Nyoka mrefu mwenye mikanda myeusi shingoni alimuuma kidole, kisha akateleza ziwani.

Nyanzala alipiga yowe. Malale akacheka.

“Mke wangu, acha woga. Moma akikuuma, mkono unavimba hapo hapo. Tazama huu. Hata hauumi sana. Huyu wa maji hana kitu.”

Alisema anachokijua. Porini alikochunga tangu utotoni, moma ndiye nyoka wa kuogopwa, na moma huvimbisha. Basi akarudi kwenye mawe yake.

Haikupita saa moja. Kope zikamlemea.

“Nakuona mko wawili,” alisema. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi.

Nyanzala alimburuta hadi kwenye mtumbwi. Alipiga kasia peke yake, huku akimwita. Walipokaribia ufukweni, Malale aliacha kupumua. Mkono wake haukuwa umevimba hata kidogo.

Baada ya mazishi alikuja Eufrazia, mhudumu wa afya wa kijiji, mtoto wa wavuvi wa hapo hapo. Nyanzala alimweleza yote.

“Yule ni jamii ya swila,” Eufrazia alisema. “Mawe ya kisiwa yanaendelea hadi chini ya maji. Samaki wadogo wanazalia humo, naye anawala. Akipumzika, analala chini ya mawe ya ukingoni.”

“Lakini hakuvimba!”

“Sumu ya huyu haivimbishi sana. Inalegeza misuli. Kwanza kope, halafu ulimi, mwisho pumzi. Mtu akiwahi hospitali, anasaidiwa kupumua mpaka sumu iishe.”

Nyanzala alipandwa na hasira. “Ulijua haya yote, mbona hukutuambia?”

Eufrazia aliinamisha kichwa. “Niliona mbuzi kule, nikanyamaza. Nilidhani mnajua. Nisamehe, mama.”

Kisha Eufrazia akaendelea taratibu.

“Watoeni wale mbuzi. Udongo wa kule ni kidogo mno. Nyasi zikiisha, mvua inausomba hadi kwenye mazalia ya samaki. Na mbuzi watakufa njaa.”

Wiki iliyofuata Nyanzala alikwenda kuwatoa pamoja na shemeji yake Ngolo, mdogo wake Malale. Walikodi mtumbwi wa injini na mwendeshaji wake. Mwanambuzi mmoja alikuwa amekwama kwenye ufa ukingoni mwa maji. Ngolo hakusubiri. Aliingiza mkono amvute, akaumwa na nyoka wa aina ile ile.

“Nipeni wembe!” alipiga kelele. “Nichanje! Nifungeni kamba!”

“Hakuna wembe, hakuna kamba,” Nyanzala alisema. Eufrazia alikuwa amemfundisha la kufanya. “Kaa chini. Usitembee.”

Alimvua pete na saa. Alifunga mkono wake kwenye kipande cha ubao kwa kitenge, bila kukaza, usichezecheze. Alimpigia simu Eufrazia atafute gari. Walimbeba hadi kwenye mtumbwi, wakamlaza kwa ubavu. Mbuzi waliachwa pale pale.

Gari lilikuwa ufukweni. Kwenye kituo cha afya Ngolo alikuwa ameshaanza kulegea kope. Wauguzi walimsaidia pumzi kwa mfuko wa kubonyeza, njia nzima hadi Mpanda. Hospitalini aliwekwa kwenye mashine. Nyanzala alikaa kwenye benchi, na kila daktari alipotoka alijiandaa kusikia habari ya msiba.

Siku ya pili Eufrazia alipiga simu. Wanakijiji walikwenda kisiwani wamevaa mabuti, wakagonga mawe kwa fimbo ndefu kabla ya kukanyaga, wakawatoa mbuzi. Kumi na mmoja walikuwa wameshakufa kwa njaa. Waliobaki walifungiwa kwenye zizi nyumbani, wakikatiwa majani.

Siku ya nne Ngolo alitolewa mashine. Nyanzala aliitwa ndani.

“Shemeji,” Ngolo alisema, taratibu. “Nyumbani hawajambo?”

Yeye na Malale walikuwa ndugu wa tumbo moja, na sauti ilikuwa ya Malale kabisa. Nyanzala aliketi kitandani, akamshika mkono, akalia kwa sauti mpaka muuguzi akaja kuuliza kama mgonjwa amefariki.

“Hapana,” Nyanzala alijibu. “Huyu amepona.”