Mashine Isiyoona Mto

Kila akitoka shule, Felista alipitia ofisini kwa mama yake mdogo, Filomena, mtaa wa Mwembesongo. Baada ya biashara za watu binafsi kuruhusiwa, Filomena aliacha kazi ya serikali akanunua mashine ya kuchorea ramani. Kompyuta ikituma amri, mashine huvuta karatasi mbele na nyuma, na mkono wake huenda kushoto na kulia ukishusha kalamu pa kuchora na kuinyanyua pa kuruka. Ikimaliza rangi moja, huirudisha kalamu kwenye kikasha na kuchukua nyingine.

Siku hiyo Mzee Mwinshehe alikuwa ameteremka kutoka milimani kufuata ramani ya mabomba ya maji ya kijiji chao, maana mkandarasi aliitaka kesho yake asubuhi. Felista alimwamkia, akakaa mbali na mashine. Jana aliichukua kalamu ya bluu kwa siri, akapaka bahari kwenye kazi yake ya jiografia, kisha akaisahau begini bila kifuniko. Leo mchana aliirudisha kimya kimya, imekauka kabisa.

Alitamani kutoka, lakini mvua ilikuwa ikimwagika na mama mdogo alimtaka akae karibu na mashine, ikimaliza aitoe karatasi. Nyeusi ikaisha. Nyekundu ikaisha. Felista alijiona kama kuku aliyefungwa miguu. Mkono ukachukua bluu, ukafuata njia ya mto kona kwa kona, na karatasi ikabaki nyeupe.

Mashine ikanyamaza. Felista akashika ukingo wa karatasi, akashindwa kuivuta.

"Mama mdogo," alisema huku akilia, "mito haipo. Kalamu niliiharibu mimi."

Filomena alimkazia macho kwa hasira, kisha akamuuliza kama ameisogeza karatasi. Felista akatikisa kichwa kukataa. Filomena akaweka kalamu mpya, akaiamuru mashine irudie bluu peke yake, na mito ikakaa mahali pake.

"Ungeitoa, isingerudi sawasawa tena, na karatasi kubwa hivi sina nyingine," alisema. "Mashine haina macho, mwanangu. Kalamu ikikauka, inaendelea tu kana kwamba inachora. Wewe unaona. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado linatengenezeka. Sasa mwombe radhi mzee, maana ni maji yao uliyotaka kuyaficha."

Felista akapiga magoti mbele ya Mzee Mwinshehe.