Sahani ya Jafari

Haya yalimpata rafiki yangu Sumaya pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, na anayetaka kucheka acheke sasa.

Kaka yake Jafari alizama akirudi kutoka Kazimia, katika boti iliyopakiwa magunia hadi watu wakakosa pa kushika. Mwenye boti alishanunua nyingine. Mwili haukupatikana, na mama yao aliendelea kumpakulia Jafari chakula kila mchana katika sahani yake. Ndipo baba mdogo akamtuma Sumaya kwa Fabien, fundi wa sufuria: sahani ile ya alumini iyeyushwe, labda mama atakubali kwamba mwanawe amekufa.

“Hii iko ya nani?” Fabien aliuliza.

“Ya kaka yangu. Amekufa.”

“Pole, dada. Umuage sasa. Ikiingia mu hii chungu, inasahau ilikuwa ya nani.”

Kibanda kilikuwa na giza, moto ukinguruma chini ya chungu cha kuyeyushia. Vijiko vikaingia, vifuniko vikaingia, vyote vikalainika kama uji. Sahani ikaingia mwisho. Sumaya aligeuza uso, maana alijiona anamzamisha Jafari mara ya pili, kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha akasikia maji yakipiga taratibu, pwa, pwa, kama ufukweni. Sauti ilitoka ndani ya chungu.

“We, umeniletea nini?” Fabien alinong'ona. Aliingiza koleo, akaitoa sahani nzima.

Sumaya aliigusa kabla hajazuiwa. Ilikuwa baridi, imejaa maji. Fabien akayamwaga chini.

Sahani ikajaa tena.