Saa Tano na Dakika Ishirini kutoka Dubai

Shangazi yangu Namwase alifariki Mbale siku ya Jumanne, baada ya sala ya alfajiri. Nilitoka Nalufenya, Jinja, nikafika msibani saa nne, mvua ikinyesha.

Mwanawe wa pekee, Muzafaru, anafanya kazi Dubai. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba ni yeye atakayemlaza kaburini. Saa mbili asubuhi, kwa saa zetu, alinipigia simu. "Dada, ndiyo tunapanda ndege. Mwambie Mjomba anisubiri."

Sisi Waislamu hatucheleweshi maiti. Baba Mkubwa Adrisi, kaka wa marehemu, akaniuliza, "Wewe msomi, huyu atafika saa ngapi?"

Nikapiga hesabu nyuma ya kalenda kuukuu. Kuruka, saa mbili na nusu. Dubai hadi Entebbe ni kama kilomita elfu tatu na mia saba: saa tano na dakika ishirini angani. Pasipoti na mizigo, saa moja. Barabara hadi Mbale, saa sita.

"Saa tatu kasoro dakika kumi usiku."

"Basi tunazika alasiri."

Hesabu yangu ndiyo iliyomnyima Muzafaru mama yake. Nilikunja karatasi.

Saa kumi na robo nilikuwa barazani na wanawake. Muzafaru akapita getini. Hana begi. Mvua inanyesha, kanzu yake kavu.

Hakunitazama. Kaburi lilikuwa kando ya nyumba, hatua arobaini, niliona vizuri. Alivua makubadhi yake ya ngozi, akayapanga ukingoni, akashuka pamoja na Baba Mkubwa na mwanawe Shafik.

Walipomaliza kufukia, Baba Mkubwa alikuja kunawa. "Hesabu za chuo kikuu hizo," akanitania. "Kijana kaishinda ndege."

Simu yangu ikalia. Namba ya Dubai.

"Dada." Sauti ya Muzafaru. Nyuma yake, matangazo ya abiria. "Walitushusha. Ndege ina hitilafu, na simu iliniishia chaji. Bado niko Dubai. Wasizike."

Nilimpa Baba Mkubwa simu. Akasikiliza. Maji yakaendelea kumwagika kutoka kwenye birika.

"Shafik alishika miguu," akanong'ona. "Nani alishika kichwa?"

"Yuko wapi sasa?" nikauliza.

Hakuna aliyejua. Shafik alikuwa akitazama udongo mpya.

"Baba," akasema polepole. "Tulishuka watatu. Tulipanda wawili."

Imamu alikataa kaburi lifukuliwe.

Muzafaru alifika siku ya pili jioni, amevaa slipa mpya za plastiki. Alikwenda moja kwa moja kaburini. Makubadhi yalikuwa palepale. Hakuna aliyethubutu kuyagusa. Akaokota la kushoto. Kisigino kilishonwa kwa uzi wa buluu, mshono wa mama yake.

"Niliyavua kwenye ukaguzi, Dubai," akasema. "Asubuhi ile. Trei ikapita kwenye mashine, ikatoka tupu."

Mvua haikuwa imekatika tangu mazishi. Akapitisha kidole ndani ya kubadhi, akanionyesha.

Kikavu.