Vidonge vya Kuzuia Wanga

Shamsiya wa Mwera alipenda sana wali wa nazi. Lakini alikuwa na ugonjwa wa sukari, akimeza dawa kila siku, na daktari alimwambia apunguze wali. Siku moja alirudi kutoka Tanga mjini na chupa ya vidonge. Binti yake Shahd alisoma: "Huzuia wanga."

"Wanga wa chakula utapita tu," mama alisema. "Sasa nitakula nishibe."

Siku ya tatu tumbo lake likaanza kunguruma. Shahd alilisikia toka chumba cha pili, kama mtu anayeburuta kiti.

Siku ya tano, saa saba mchana, nyumba ilinyamaza. Shahd alimkuta mama jikoni. Jasho baridi lilimtoka. Mikono ilitetemeka.

"Mama, umekuja?" mama aliuliza polepole, akitazama mlangoni.

Mama yake Shamsiya alikuwa Samiha, bibi yake Shahd. Alizikwa miaka tisa iliyopita.

Shahd aligeuka. Hapakuwa na mtu.

"Mpishe bibi yako akae," mama alisema.

Nywele zikamsimama Shahd. Shangazi Zuleha alichungulia kutoka uani, akarudi nyuma. "Hao ni wanga, wachawi," alinong'ona. "Kamwite shekhe."

Shahd alikimbilia nyumba ya pili, kwa Consolata, muuguzi wa zahanati. Consolata alikuja na kipimo, akamtoboa mama kidole.

"Sukari imeshuka mno. Anaweza kumeza. Lete asali."

Baada ya robo saa mama aliuliza, "Mbona mnanitazama hivyo?"

Consolata aliishika ile chupa. "Mama Shahd, vidonge hivi huzuia sehemu ya wanga isisagwe. Huenda vikapunguza uzito, ila kidogo tu. Wanga usiosagwa huchachuka tumboni, ukaleta gesi na kuharisha. Ukivichanganya na dawa ya sukari, sukari inaweza kushuka hadi ukapotewa na fahamu."

"Nilidhani ni chakula tu, si dawa."

"Kabla ya kumeza chochote, tuulize."

Jioni walikwenda zahanati. Daktari alimwachisha vile vidonge. Tangu hapo nusu ya sahani yake ni mchicha au bamia. Wali ni kiasi cha ngumi, na samaki pembeni. Baada ya miezi mitatu sukari yake ilitulia, na nguo zikaanza kumpwaya.

Zuleha aliliona hilo. Akaja akasogeza kiti.

"Wifi, vile vidonge vilivyobaki, nipe mimi."

"Na dawa yako ya sukari, bado unameza?"

Zuleha akaitikia kwa kichwa.

"Vaa viatu," Shamsiya alisema. "Twende kwa Consolata."