Chupa Iliyochemshwa

Sokoni, asubuhi ya watu kusukumana, msichana wa maabara alikuwa anachovya kijikaratasi kwenye madebe ya maziwa. Kikigeuka zambarau, maziwa yana vijidudu. Muuza maziwa mmoja akasogea, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, marashi yamemtangulia hatua tatu.

"Dada, kikaratasi cha bei ya pipi ndicho kinipime mimi?"

"Kinapima maziwa. Wewe nani ana haja ya kukupima?"

Alicheka, akaomba namba. Mwezi haukuisha wakawa wanapigiana simu kutwa mara tatu. Msichana alidharau viatu vyake vya kung'aa na kioo alichofunga kwenye baiskeli, lakini simu ikilia moyo unamruka, akajidharau na yeye mwenyewe. Shangazi aliyemlea alimtania kwamba amependa kabati la nguo.

Siku ya kupimwa rasmi, kijana alileta maziwa yake kwenye chupa. Kijikaratasi kikabaki cheupe. Msichana akabandika cheti kwenye debe la kijana, akatia sahihi yake.

Shangazi, ambaye maisha yake yote alichemsha maziwa mpaka yakafura, akaona sahihi ile akayanywa mabichi. "Kama mwanangu ndiye aliyepima, nichemshe ya nini?"

Alilazwa siku nne. Ya tano akafa.

Msichana alikwenda sokoni, akachovya kwenye debe lenyewe. Nusu saa, zambarau. Kijana hakuficha; alieleza kwamba ile chupa aliichemsha kwanza.

"Nilitaka nikuletee kitu kizuri, mpenzi. Mtu haendi kwa mchumba wake na uchafu."

"Ukanichemshia mimi, wateja ukawapa mabichi."

"Sasa unaniona muuaji?"

"Muuaji hukusudia jambo. Wewe ulikuwa unajipendezesha tu."

Kijana alipiga simu mara kumi na moja, haikupokelewa. Siku ya tatu ya msiba akaja mwenyewe, suti mpya, pete ndani ya kiboksi. Mbele ya wifi wa marehemu na majirani akasema yuko tayari kumwoa na kumtunza, asibaki peke yake duniani.

Msichana alimtazama kuanzia kola mpaka viatu. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomchukiza.

"Pole yako nimeipokea," alisema. "Viti vya wageni viko kule."

Kijana akaenda, akavuta suruali isijikunje, akakaa.