Mwewe Mia Tatu wa Uongo

"Mwewe mia tatu, mke wangu! Mia tatu! Shingo inaniuma kwa kutazama juu."

Fundi miwani, aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda kilimani kuhesabu ndege, alijitupa kwenye kochi, darubini ingali shingoni. Mkewe, fundi cherehani, hakuinua uso kwenye ukosi wa shati aliokuwa anaushona. Alikuwa amejiapia: leo nampa nafasi ya mwisho. Akisema ukweli, namsamehe, tunaanza upya. Akidanganya, ndoa imekwisha. Miaka tisa ilikuwa inasubiri mdomo wa mwanamume huyu, na mdomo wenyewe ndio huo, umeshaanza na mia tatu.

"Mia tatu? Walianza kupita saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Jua halijachomoza, wao hao, makundi kwa makundi juu ya bahari!"

Eti saa kumi na mbili. Masikini, hata kudanganya hajui! Mwewe wa msafara, anayehama na majira, ni mvivu kama mtoto wa tajiri, hapai mpaka ardhi ipate joto limbebe. Msimu mzima wa vuli wanapita hivyo hivyo pwani, na asiyejua hilo hajawahi kukaa kilimani hata siku moja.

"Na ukungu je?" akamsogezea mlango wa kutokea.

"Ukungu gani? Kulikuwa kweupe pe!"

Simu ya mume ikatetemeka mezani. Ujumbe ukajianika kwenye kioo, jina limeandikwa Muuza Fremu: "Kifaranga wangu, umefika salama? Mwewe wako hajakunyakua? Umesahau soksi huku."

Mke akausoma wote. Mume akaidaka simu, amechelewa.

"Huyo ananiuzia fremu tu, ana utani sana."

"Wauza fremu siku hizi wanakuvua soksi?"

"Wivu tu! Hebu mpigie nesi mstaafu, yule kiongozi wetu wa kuhesabu ndege. Muulize kama sikuwa kilimani!"

Alijitutumua hivyo kwa sababu aliamini mkewe hana hata namba ya nesi. Mke akabonyeza mara moja, akaweka sauti ya juu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umeshafika?"

"Nimefika. Hebu nikumbushe, leo kilimani tulikuwa nani na nani?"

"Si mimi na wewe! Ukungu mpaka saa sita, tukakaa tunapiga soga. Umeacha kofia yako kwenye benchi."

"Na mume wangu?"

"Yule? Tangu msimu uanze sijamtia machoni."

Mke akakata simu.

"Wiki ya kwanza nilikupelekea kilimani koti ulilosahau," mke akasema. "Sikukukuta. Nikakaa kwenye nafasi yako, nikafundishwa kuhesabu. Jumamosi nne nakaa pale, na Jumamosi nne unarudi hapa kunihadithia! Leo tumepata arobaini na mmoja, wote baada ya saa saba."

Mume akapiga magoti.

"Nisamehe, mke wangu. Shetani alinipitia."

"Jumamosi nne mfululizo? Mwache shetani wa watu apumzike."

"Nakupenda, wallahi!"

"Na mimi nilikupenda, ndiyo maana nilikuuliza badala ya kukufukuza. Ungesema 'nimekosa' tu, ningelia, halafu ningekupakulia chakula. Umeona bora uniletee ndege mia tatu! Unapima macho ya watu kutwa, ukadhani mimi kipofu?"

"Nipe nafasi nyingine."

"Ilikuwa leo. Inuka, unanichafulia zulia."

Mke akamwekea miguuni begi la nguo alilokuwa amelifunga mapema, akafungua mlango na kuushikilia. Mume akajikongoja mpaka kizingitini, akageuka, macho yamejaa machozi.

"Sasa wazazi wangu nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli," mke akasema. "Hata mara moja tu, uonje."

Akafunga mlango.