Debe Lililowaita Tumbili

Asubuhi ile nilikuwa barazani na cherehani yangu, nashona sare ya mteja. Ghafla nikasikia sauti ya mume wangu kutoka shambani.

"Wamekuja! Tumbili wamekuja tena! Toka! Toka!"

Likafuata debe. Ngo! Ngo! Ngo! Tuna debe kuukuu, tumelitundika kwenye nguzo mwisho wa shamba, kando ya msitu. Mume wangu akiona tumbili, hulipiga kwa kijiti kwa nguvu zake zote. Nikaacha nguo, nikatoka mbio.

Nilichokiona kiliniacha mdomo wazi. Tumbili wanne walikuwa kwenye mahindi. Debe lilipolia, hawakukimbia hata kidogo. Badala yake, wenzao wakatoka msituni mbio mbio, mikia juu! Nilihesabu hadi kumi na tano, nikachoka. Mmoja alikalia kichwa cha sanamu yetu ya kutishia wanyama, ile tuliyoivisha koti la mume wangu. Akawa anamenya hindi bila haraka.

"Mbona ukiwafukuza ndiyo wanaongezeka?" nikauliza.

"Dharau tu! Wameniona mjinga!" Mume wangu akalipiga debe tena. "Mwaka jana tulitegemea magunia manane, tukapata mawili. Tukikosa tena, mke wangu, mimi narudi machimboni."

Kule machimboni alikaa miaka mitatu, akarudi amekonda, na kikohozi kimemganda kifuani. Sikutaka arudi. Nasema wazi: namtaka mume wangu nyumbani, hata kama anakoroma.

Mchana nilimkuta jikoni. Mbele yake kulikuwa na ndizi mbivu na pakiti ya sumu ya panya.

"Unafanya nini?"

"Nawaandalia wageni wetu chakula."

"Hapana, baba watoto! Hapana!" Nilimnyang'anya pakiti kabla hajaifungua. Kisha nikampigia simu bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo letu. Hakuchelewa. Alifika na pikipiki yake, buti zimejaa tope.

"Kaka yangu, sumu haichagui," akasema. "Mbwa akiokota ndizi hiyo, anakufa. Mtoto wa jirani akiokota je? Isitoshe, hao ni wanyamapori, na sheria hairuhusu kuwaua kwa sumu."

Mume wangu akainamisha kichwa. "Sasa nifanyeje, dada? Nimejaribu kila kitu."

Kabla hajajibiwa, tukasikia, ngo! Ngo! Ngo!

"Wamerudi!" Mume wangu akachomoka, bibi shamba nyuma yake, na mimi nyuma yao nikiwa na viatu tofauti miguuni.

Tulipofika kwenye nguzo, tulimkuta mama mkwe wangu. Mkono mmoja ameshika kijiti cha kupigia debe, mwingine beseni la maganda na punje za mahindi. Kuku wake walikuwa wanamkimbilia. Na tumbili pia! Walikuwa wanapishana na kuku kugombea maganda.

"Mama, unafanya nini?" mume wangu akauliza.

"Si naita kuku wangu? Kila siku nawaita hivi." Akawatazama tumbili kwa huruma. "Na hawa masikini nawatupia kidogo. Nikasema wakishiba hapa, hawataingia shambani kwa mwanangu."

Debe hilo tulikuwa tunalisikia kila siku, mimi nikidhani ni mume wangu, naye akidhani ni mimi. Mume wangu akalitazama debe. Akamtazama mama yake. Akalitazama debe tena.

"Kwa hiyo mimi nikilipiga..."

"Unawakaribisha mezani," bibi shamba akamalizia.

Basi, tulicheka! Mama mkwe ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka beseni likamdondoka. Halafu akashika mdomo. "Jamani, kumbe mimi ndiye niliyetaka kumrudisha mwanangu machimboni!"

"Hukujua, mama," bibi shamba akasema kwa upole. "Tumbili akipewa chakula, anamzoea mtu na woga unamwisha. Baadaye atakunyang'anya mkononi, hata kukung'ata. Mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha awahi hospitali siku hiyo hiyo."

"Nimekoma," mama mkwe akasema. "Kuku nitawalishia uani."

Jioni ile ile tulilishusha debe. Kesho yake tukaanza kufyeka. Bibi shamba alituambia tumbili hapendi kuvuka mahali peupe, kwa hiyo tulisafisha vichaka kati ya msitu na shamba, upana wa hatua ishirini. Miti tuliiacha isimame msituni, kwa sababu matunda yake ndiyo chakula chao. Sanamu tukawa tunaihamisha kila siku na kuibadilisha nguo. Tukapanga zamu za ulinzi na jirani yetu, fundi baiskeli. Zamu zilikuwa alfajiri na alasiri, saa ambazo tumbili hupenda kuja.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Walikuja, wakakaa chini ya nguzo, wakamngoja mama mkwe. Mmoja alikuwa na mtoto kifuani. Mama mkwe alijifunika uso kwa mtandio asimwone.

"Usilegee, mama!" nikamwambia.

"Silegei! Lakini mtazame macho yake!"

Hakulegea. Wiki ya tatu wakaanza kupungua. Mahindi yakakomaa, na mimi nikawa nashona huku naimba.

Tulivuna magunia saba! Si yote manane, kwa sababu walituibia kidogo kule pembeni. Mwakani tutapanda pilipili upande ule, maana hawazili. Begi la mume wangu la machimboni nimelifumua. Nimeshona mfuko wa kuwekea mbegu.

Siku ya kumaliza kuvuna, mama mkwe alichemsha sufuria kubwa ya mahindi. Akalitoa debe, akasimama kwenye mlango wa jikoni, akalipiga. Ngo! Ngo! Ngo!

Sote tuliokuwa uani tuligeuka kutazama msituni. Tukangoja. Hakuna jani lililotikisika.

Aliyetoka mbio alikuwa mmoja tu, kutoka ghalani, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mama!" mume wangu akapaza sauti. "Lile hindi kubwa ni langu!"